Mguu wa Kushoto Mlangoni kwa Mama Mkwe

Kama ulikosa gazeti la Jumapili iliyopita, usihangaike kuliomba kwa jirani. Yaliyokuwemo ni machozi matupu, nami nitakufupishia.

Mlango wa nyuma wa lori uliniangukia mguu wa kushoto pale mpakani Busia, nilipokuwa nikipokea majora yangu ya vitambaa. Lori ni mali ya Mama Kulusumu, mjane wa Tororo anayejulikana na kila mwenye duka. Dereva alikuwa mwanawe, Nasuru. Nikalazwa hospitali. Nasuru akawa ananiletea uji asubuhi na kuku wa kuchemsha jioni, na kabla plasta haijakatwa tulikuwa tumeshapendana.

Kwa mama yake alieleza kwamba aliyeumia ni mpagazi mmoja, na kwamba mpagazi anaendelea vizuri. Huo ndio uwongo wa kwanza, na haukuwa wangu.

Ya baba yangu, mzee Phanuel, na ghadhabu yake juu ya binti wa kanisa kuolewa na Mwislamu, nilishayasimulia yakaisha. Leo nasimulia viatu. Mnaotaka kucheka chekeni. Hata mimi ningecheka, kama mguu ungekuwa wa mtu mwingine.

Nilikuwa barazani na cherehani yangu, upande wa Kenya, nikikanyaga kwa mguu wa kulia peke yake, Nasuru aliposimamisha lori na kushuka bila hata kuzima injini.

“Mama nataka kuona wewe,” alisema. “Jumamosi.”

“Jumamosi ipi?”

“Hii yenyewe. Na Senga Hadijah atakuja.”

Sindano ilivunjika. Sitanii, ilivunjika.

Senga ni shangazi, na huyu Senga Hadijah, dada wa marehemu baba yake Nasuru, ndiye macho ya ukoo. Hakuna msichana anayeingia nyumba ile kabla yeye hajamtazama: anavyovuka kizingiti, anavyopiga magoti kuamkia wakubwa, anavyomimina maji ya kunawa.

“Na namna anatembea,” Nasuru aliongeza, akitazama pembeni.

“Nasuru, twende tukamwambie mama yako ukweli. Leo.”

“Wewe najua habari ya Wahabi.”

Niliijua. Wahabi ni kaka yake mkubwa. Alitafutiwa mchumba mwenye kifafa, na watu wa msichana wakaficha mpaka siku ya harusi, bibi harusi akaanguka mbele ya wageni na sinia mkononi. Mama Kulusumu hakukasirikia ugonjwa, alikasirikia kufichwa. Akala kiapo kwamba kwake hataingia tena mtu aliyefichiwa kasoro, hata kasoro yenyewe ikiwa jino.

“Ukisema mguu, utasema na lori,” Nasuru alisema. “Lori ikitajwa, Mama atajua habari ya mpagazi ni uwongo, mimi nimekwisha. Usukani nakwenda kwa Wahabi siku ile ile. Sasa tutaoana na kitu gani?”

Alipanda lori lake akaenda, nami siku ile sikushona tena. Nilikaa, nikasimama, nikakaa. Nilifagia baraza ambayo ilikuwa imefagiwa.

Mguu wenyewe ulikuwa umepona kwa jina tu. Mifupa iliungana ilivyotaka yenyewe. Hospitalini walinipa buti jeusi la kufunga kwa kamba hadi karibu na goti, nalo, siwezi kulisingizia, lilinishika vizuri. Lakini ilikuwa Januari. Kama huijui Januari ya Busia, vua viatu usimame barabarani saa sita mchana. Ndani ya buti lile mguu ulikuwa unaiva.

Tena halikuwa na mwenzake. Kulia nilikuwa mwanamke, kushoto nilikuwa askari.

“Kiatu kingine ruhusa,” daktari alikuwa ameniambia, “lakini kishike kisigino, kiinue unyayo katikati, na soli yake isikunjike. Malapa marufuku. Kisigino kirefu marufuku mara mbili.”

“Na kipendeze,” niliongeza.

“Hilo sikulisomea,” alisema.

Basi nikamchukua rafiki yangu Nanjala, mwenye mdomo usiokuwa na kizuizi, tukaanza kuzunguka. Kila duka la viatu Busia zote mbili lilituona. Raba nyeupe zilinishika kidogo, ila Nanjala aliniuliza kama nimerudi darasa la nne. Akala za tairi, zile ambazo ng’ambo huziita lugabire, hazikunjiki na hazichoki, na ningezinunua papo hapo kama ningekuwa nakwenda kulima kijijini Masinya. Kuonwa na mama mkwe ni jambo jingine.

Tukapanda basi mpaka Tororo. Kule, katika duka moja la viatu na vyombo, nilikuta viatu vya mchuchumio vya kijani, vimewekwa peke yake kwenye kioo. Nikajua ni haramu kwangu. Nikaviomba.

“Daktari alisema nini?” Nanjala aliuliza.

“Alisema nisivivae. Hakusema nisivijaribu.”

Nilipiga hatua mbili za kuridhisha kabisa. Ya tatu iliniangusha juu ya mabeseni ya bati, na kelele yake iliwatoa watu mpaka duka la jirani. Mwenye duka hakunigombeza. Alinitazama mguu, akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko mabeseni. Nikajiona vile Senga Hadijah atakavyoniona.

Tulirudi Busia mikono mitupu. Maji yalikuwa yameshanifika shingoni, na Jumamosi ilikuwa inakuja mbio.

Ni Nanjala aliyemkumbuka Egesa.

Egesa ni fundi viatu upande wa Uganda, Msamia mwenzetu, maarufu pande zote mbili za mpaka kwa jambo moja: hajawahi kumaliza kiatu siku aliyoahidi. Watu humpelekea kazi kwa sababu mkono wake ni mzuri, kisha wanazeeka wakingoja. Tulimkuta amelala juu ya kiti chake.

“Mulembe, mzee Egesa.”

“Mulembe, nyabo. Leo hapana. Kuja wiki ingine.”

“Sikuagiza chochote.”

Akafungua macho yote mawili. “Eh! Basi karibu.”

Nilimweleza. Alinivua buti, akauminya mguu kama mtu anayechagua parachichi, akasema kazi kama hiyo itamchukua mpaka Pasaka. Nikaanza kulia pale pale. Nanjala, ambaye hawezi kutazama mtu akilia bila kushika kitu, alikuwa anapekuapekua rafu ya nyuma. Akatoa jozi moja iliyofungwa kwa gazeti la zamani.

Sandali za ngozi, rangi ya maziwa. Mkanda mpana juu ya vidole, na mwingine mwembamba wa kuzunguka kifundo cha mguu, wenye bizimu ya shaba. Kisigino kifupi, kipana. Soli ngumu kama ubao. Na ndani ya kiatu cha kushoto, chini ya unyayo, fundi alishonea kinundu cha ngozi ambacho kwa nje hukioni hata ukitafuta.

“Rudisha hiyo,” Egesa alisema. “Hiyo iko na mwenyewe.”

Nilikuwa nimeshavivaa.

Nilitembea mpaka kwenye pipa la maji na kurudi. Nanjala alikuwa katikati ya neno, akalikata.

“Hebu rudia,” alisema.

Nikarudia.

“Syprose, huchechemei.”

Nililia tena, safari hii kwa furaha. Tangu siku ya lori, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mimi kutembea bila kuhesabu maumivu, tena nikiwa nimependeza. Nilitaka kutembea mpaka Kisumu.

“Mwenyewe ni nani?” nilimwuliza Egesa.

“Mama moja ya upande ya Tororo. Mguu yake ya kushoto ni mbaya kama yako. Aliagiza kabla ya mvua.”

“Na hajaja kuvichukua?”

“Anatuma mtu. Mimi nasema bado.” Akajikuna kidevu. “Bizimu ilichelewa.”

“Huyo mama ana Jumamosi?”

“Jumamosi gani?”

“Mimi nina Jumamosi, mzee Egesa. Nishonee huyo vingine. Mimi nitamshonea mkeo gomesi ya Pasaka, na wewe unajua gomesi zangu.”

Alifikiri. Alimfikiria mkewe, nadhani, maana alitikisika.

“Kale, sawa,” alisema. “Nitamwambia panya imekula ngozi.”

Huo ndio uwongo wa pili. Huu ulikuwa wangu, na niliondoka nao miguuni.

Jumamosi nilivaa gomesi, lile gauni refu la Kiganda, ya zambarau, niliyoishona mwenyewe, nikaikata fupi kidogo tu kuliko kawaida ili sandali zionekane. Nasuru alipokuja kutuchukua mimi na Nanjala, alinitazama nikitoka nyumbani hadi kwenye lori, akasahau kufungua mlango.

“Banange,” alisema. “Mguu imekwenda wapi?”

“Mguu gani?” nikamjibu, nikajipandia mwenyewe.

Njia nzima sikutulia. Nilifunga bizimu, nikafungua, nikafunga. Mwamba wa Tororo ulipochomoza mbele yetu nilikuwa nimeshatoka jasho mpaka mgongoni, lakini nilikuwa na uhakika. Nilifanya mazoezi ya kila kitu. Kutoka kwenye lori hadi mlangoni. Kutoka mlangoni hadi kwa mama mkwe. Kurudi.

Tulipoingia uani, mama mmoja mnene wa haki alikuwa anaukata uwanja mbele yetu kwenda nyumbani, polepole, amejitanda kanga, bega moja likipanda na jingine likishuka. Kubadhi lake moja liligonga, la pili likaburuza. Gonga, buruza. Gonga, buruza.

“Hiyo ndiyo Senga Hadijah,” Nasuru alininong’oneza. “Tazama maringo. Tororo mzima hakuna mtu anaringa kama yeye.”

Niliyatazama yale maringo. Kitu fulani kilinigusa moyoni, lakini akili yangu ilikuwa kwenye hatua zangu. Nilishuka. Nilitembea, wasomaji wangu, kama bibi harusi. Nanjala nyuma yangu alikuwa anahema kwa furaha.

Mlangoni kulikuwa na viatu.

Vilikuwa vimepangwa ukutani, jozi baada ya jozi, na makubadhi ya Senga Hadijah mwisho wa safu. Mimi niliyezaliwa nyuma ya msikiti wa Busia. Mimi niliyewaona Waislamu maisha yangu yote wakivua viatu mlangoni. Juma zima niliwaza viatu asubuhi na jioni, na sikuwaza hata mara moja kwamba nitavivua.

Nikamgeukia Nasuru. Uso wake ulikuwa wa Mwislamu aliyesahau desturi ya nyumbani kwao.

“Viatu,” Nanjala alininong’oneza, kana kwamba mimi sioni.

Ndani, kwenye mkeka mkubwa, wanawake wa ukoo walikuwa wameketi wakiutazama mlango. Kati yao, Mama Kulusumu. Senga Hadijah alikuwa peke yake kitini. Nilifungua bizimu ya kulia. Nikafungua ya kushoto. Mguu ukagusa sakafu, na maumivu yakanijia kama mgeni aliyekuwa amengoja nje tu.

Kutoka kizingitini hadi kwa mama mkwe kulikuwa na hatua nyingi kuliko nilizoweza kuficha. Basi nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Nilipiga magoti pale pale kizingitini, na nikaingia kwa magoti.

Nilitambaa mkeka wote. Goti hili, goti lile, macho chini, mguu wa kushoto ukinifuata nyuma ndani ya gomesi kama mzigo wa mtu mwingine. Nikafika, nikainama.

“Asalam aleikum, Mama.”

Macho yote yalikuwa juu yangu. Nikasema moyoni, wamenijua.

“Waleikum salaam,” Mama Kulusumu alisema, na sauti yake ilikuwa imelegea. “Banange! Mnaona hii? Watu nasema mabinti ya Kenya hapana jua magoti. Hii imetoka na magoti mlangoni!”

“Kutoka mlangoni!” mmoja akaitikia.

“Hata binti yangu mwenyewe hapana fanya hivyo!”

Wakanipigia vigelegele. Nilitaka kucheka na kulia, na Nanjala alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa.

Sasa ujue, ukishaanza na magoti huwezi kuacha. Nilimimina maji ya kunawa kwa magoti. Nilipokea sinia la pilau kwa magoti. Kila nilipozunguka, sifa ziliongezeka na magoti yangu yalichunika. Senga Hadijah peke yake alinitazama tu kutoka kitini kwake.

Tukala. Mama Kulusumu mwenyewe alinimegea paja la kuku.

“Kula, mwanangu. Kuku hii napika namna moja tu. Ile mpagazi ya lori yetu ilipoumia, mimi nilipika hivi hivi kila siku, Nasuru anapeleka hospitali. Nilitaka kwenda kuona yeye, Nasuru akasema amepona, amekwenda kwao. Mpaka leo roho haitulii. Mtu anaumia na mali yako, na wewe hata sura hujui.”

Nikaiweka nyama chini. Kuku yule nilimjua. Nilimla jioni baada ya jioni, nikasema huyu kijana anajua kupika kweli.

Nilimtazama mama huyu, nikaona aibu. Mpaka pale nilikuwa nimemwogopa tu. Sasa nilianza kumpenda, na kumdanganya mtu unayempenda ni kazi nzito kuliko kutambaa.

Senga Hadijah alisimama. “Nakwenda uani,” alisema, akatoka.

Kule nyumbani kwao, kama kwa Waswahili wengi, anayetoka mara moja huingiza miguu katika viatu vyovyote vilivyo karibu na mlango. Mimi nilikuwa nimeviacha vyangu karibu kabisa.

Nikasikia hatua zake uani. Ta, ta, ta, ta. Hazikugonga na kuburuza. Zilikwenda sawasawa. Zikasimama ghafla, kisha zikaendelea, zikazunguka uwanja wote, zikazunguka tena.

Nilizijua hatua hizo. Zilikuwa zangu, kutoka kwenye pipa la maji la Egesa.

“Mtoto!” Senga aliita kutoka nje. “Letea mimi maji.”

Nikachukua birika, nikatambaa hadi kizingitini. Alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, kanga imeinuliwa kidogo, na sandali za rangi ya maziwa zimemkaa kama amezaliwa nazo. Alinyoosha mikono nimmiminie. Akaongea chini chini.

“Egesa alisema panya.”

Niliyamwaga maji kizingitini.

“Kushoto?” aliuliza.

“Kushoto, Senga.”

“Ilikuwa kitu gani?”

“Mlango wa lori.”

Nikaona amekwisha kuunganisha kila kitu: lori, mpagazi, kuku, magoti.

“Mimi ilikuwa ngazi ya ghala,” alisema. “Zamani, mume wangu akiwa hai. Nilificha, nikasema nitapona. Sikupona. Wakaanza kusema Hadijah anaringa. Nikaona maringo ni nzuri kuliko huruma.” Akavitazama viatu. “Tangu kabla ya mvua, mimi nangoja kutembea namna hii.”

“Vivue tu uniumbue, Senga,” nilisema. “Haki yako.”

Ndani, Mama Kulusumu alikuwa amepaza sauti:

“Hadijah! Wewe ndiyo macho yetu. Unasema nini juu ya mtoto?”

Senga alinitazama pale chini nilipopiga magoti. Mficha maradhi, kilio humfichua, na hapa tulikuwa wawili, kila mmoja ameshika kilio cha mwenzake.

“Mzima,” alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. “Kichwa mpaka kidole. Mimi nasema, na mimi nasimama hapo.”

Vigelegele vilitikisa bati. Nikanyoosha mkono kupokea viatu vyangu.

Senga Hadijah alivuta kanga yake begani. “Kale, mimi nakwenda. Giza litanikuta njiani.”

Na akaenda. Na viatu. Alikata uwanja amenyooka, bega sawa na bega, bila kugeuka nyuma. Kila hatua ilikuwa inanigonga kifuani.

“Tazama Hadijah leo!” Mama Kulusumu alisema, amekuja nyuma yangu mlangoni. “Furaha ya mkwe imemfanya msichana. Haya, inukeni wote! Tumsindikize mwanangu mpaka barabarani.”

Wakainuka wote. Mimi nilibaki chini. Kumsindikiza mgeni ni heshima, huwezi kuikataa, na lori lilikuwa ng’ambo ya uwanja mzima. Wanawake walianza kutafuta viatu vyao ukutani, jozi baada ya jozi ikaondoka, mpaka ikabaki moja.

Makubadhi yaliyochakaa. La kushoto limelika upande mmoja tu.

“Hii ni ya Hadijah,” Mama Kulusumu alisema polepole. “Amekwenda na ya nani?”

Wote wakanitazama miguu.

Ningeweza kusema amekosea. Wangemwita arudi, angevivua, wangekiona kinundu, na mwanamke aliyeniapia angechechemea mbele ya ukoo wake wote kwa ajili yangu. Sikuweza. Maneno yakanitoka yenyewe:

“Nimempa, Mama. Nilimwona anavipenda.”

Mama Kulusumu aliweka mkono kifuani. Macho yake yalijaa machozi.

“Mnasikia? Ameingia na magoti, anatoka peku, viatu amempa Senga yake!” Akageuka. “Nani atakubali huyu atembee peku kwangu? Leteni viatu vyangu vya Idi. Vile vya Kampala.”

Vikaletwa. Vyekundu, vimechongoka mbele, kisigino chembamba kama msumari. Daktari alinikataza mara mbili, na hapo vilikuwa mbele yangu, vinang’aa.

“Mama, siwezi, ni vyako mno,” nilisema.

“Vilikuwa vyangu. Keti hapo kizingitini. Leo mama mkwe atakuvisha mwenyewe.”

Akapiga magoti. Yeye, Mama Kulusumu, mwenye lori, akapiga magoti mbele yangu vumbini, na wanawake wakasimama kwa heshima ya jambo hilo. Haraka nikatoa mguu wa kulia. Aliuvisha, akafunga kamba, akaupigapiga kwa mapenzi.

“Sasa ile ingine.”

Nanjala alikuwa amekwisha kugeuka, hakutaka kuona. Nasuru alisimama karibu na lori, funguo mkononi.

Niliutoa. Nifanyeje? Mama Kulusumu aliuweka juu ya paja lake, akaupangusa vumbi kwa upindo wa kanga kama unavyompangusa mtoto wako. Kidole gumba chake kikapita juu ya unyayo, kikashuka, kikafika pale mifupa ilipoungana ilivyotaka. Kikasimama.

Akakipitisha tena, taratibu.

“Nasuru,” aliita, bila kuinua macho. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. “Ile mpagazi niliyokuwa napikia kuku. Iliumia mguu gani?”